GARI MOJA, KAZI MBILI: TAIRI KWANZA, INJINI BAADAYE



Hapa shuleni kwetu kuna mjadala usiokwisha. Gari lililoteremshwa hadi likakaribia kulamba lami, lenye rimu za kumetameta na ekzosi ya kunguruma, likipita tu barabarani, madawati yote ya nyuma hugeuza shingo. Wakati wa mapumziko huwa ni ubishi mtupu. Huyu asema gari zuri ni injini, yule asema ni rimu, mwingine asema bila ekzosi kubwa hilo si gari bali ni mkokoteni. Nimesikiliza mjadala huu tangu Kidato cha Kwanza, na sasa naomba nafasi nami niseme langu katika jarida letu.

Swali langu ni moja. Mtu akiwa na gari moja tu, gari hilohilo la kumpeleka kazini siku za wiki na la kushindana nalo Jumapili, abadilishe nini kwanza? Jibu langu kwa ufupi ni hili: aanze na kile kinachogusa ardhi. Tairi kwanza, breki pili, shokamzoba tatu, na injini mwisho kabisa. Mengine yote nitakayosema ni kueleza kwa nini mpangilio uwe huo na si kinyume chake.

Mimi sina gari wala leseni, kwa maana nina miaka kumi na sita tu. Lakini nikiwa mwanafunzi wa kutwa, jioni nikitoka shule hupitia gereji ya mjomba wangu hapa Malindi, nikamshikia tochi na kumpa spana. Huko ndiko nilikoyaona mengi. Mengine nimeyapata katika somo la Fizikia na katika historia ya rali ya nchi yetu.

MABINGWA WA KALE WALIENDESHA MAGARI GANI?

Wengi wetu tunafikiri gari la mashindano huzaliwa likiwa la mashindano. Sivyo. Rali ya Safari ilianza mwaka 1953, wakati wa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaliyoshiriki yalikuwa yale yale ya dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake ya kuuzia. Mwaka 1954 gari lililoshinda lilikuwa Volkswagen, lile dogo la mgongo wa kobe, likiendeshwa na Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha.

Baadaye zikaja Peugeot, ambazo wazee wetu huziita Pijo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Lililoongoza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 walirudi wakashinda tena kwa 404, na mwaka huo pia yaliyomaliza yalikuwa 7. Si kwamba 404 ilikuwa na mbio kuliko zote. Ilikuwa imeinuka vizuri kutoka ardhini na chini yake ilikuwa imara. Ndugu yake, Peugeot 504, ilishinda mwaka 1975 na 1978, na jina hilohilo ndilo lililobeba abiria na mizigo katika barabara zetu kwa miaka mingi.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa gari la mtumba lililokwisha kushindana mwaka uliotangulia, wao wakalinunua na kulitengeneza. Joginder alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Alijua kila nati ya gari lake. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19.

Na mwaka 1993 kukaja kioja. Kampuni ya Subaru ilileta vigari vidogo vya Vivio, injini yake haifiki hata sentimita mchemraba 660, ndogo kuliko ya pikipiki kadhaa kubwa. Colin McRae wa Uskoti, ambaye mwaka 1995 alikuwa bingwa wa dunia, alikikimbiza chake kwa kasi ya ajabu lakini hakufika mwisho. Patrick Njiru wetu alikitunza chake, akamaliza, tena akashinda katika daraja la injini ndogo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenda pole hajikwai. Hapa si kwamba Njiru alikwenda pole, bali alijua gari lake lina magurudumu ya kiasi gani na njia ina mawe ya kiasi gani.

KIGANJA CHA RABA

Sasa tuingie katika sayansi yenyewe. Chukua karatasi, iweke chini ya tairi la gari lililosimama, uchore mpaka pale raba inapogusa. Utakachopata ni kipande kisichozidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Gari zima la kilo elfu moja na zaidi, pamoja na watu waliomo, limeshikwa na ardhi kwa viganja vinne. Kuondoka, kukata kona, kusimama, vyote hupitia hapo. Injini iwe na nguvu za farasi mia tano, kama kiganja kinateleza, hao farasi watakupeleka shimoni tu.

Hebu tufanye hesabu ile ya msuguano tuliyofundishwa darasani. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kwa sekunde. Dereva akiona mbuzi amekatiza pale Matsangoni, sekunde moja ya kushtuka na kutafuta breki imekwisha kula mita 28. Kisha gari lianze kupunguza mwendo. Tukichukua kipimo cha msuguano kuwa 0.7, kwa tairi zima na lami kavu, gari litahitaji mita 56 zaidi kabla ya kusimama. Jumla ni mita 84. Tairi likiwa kipara na lami ina maji, tuchukue 0.35. Hapo ni mita 112, na ukijumlisha zile 28 unapata mita 140.

Tofauti ni mita 56, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Ukiiandika hesabu hii hatua kwa hatua utaona kwamba uzito wa gari umejifuta wenyewe, na nguvu ya injini haimo kabisa. Kilichobaki ni mwendo na msuguano. Mwendo ni wa dereva, na msuguano ni wa tairi na njia.

KUSOMA MAANDISHI YA TAIRI

Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi ambayo wengi hupita nayo kama magazeti ya kufungia maandazi. Tuseme imeandikwa 195/60R15 88H. Maana yake ni hii:

195 ni upana wa tairi kwa milimita.
60 ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia 60 ya huo upana. Hapa ni milimita 117.
R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili. Matairi mengi ya siku hizi ni ya aina hii.
15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
88 ni nambari ya mzigo. Ukiitafuta katika jedwali utaona ni kilo 560 kwa tairi moja.
H ni mwendo wa juu unaoruhusiwa, yaani kilomita 210 kwa saa.

Kisha tafuta herufi DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kijumba cha duaradufu. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hii ndiyo tarehe ya kuzaliwa, na muuzaji mjanja hataki uione. Raba huzeeka hata ikiwa stoo, na kwa jua letu la Pwani huzeeka mbio zaidi, ikaota nyufa ndogondogo kama udongo wa kisima kilichokauka. Kampuni kubwa kama Michelin hushauri kwamba tairi likipita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 liondolewe hata kama meno bado yapo.

Meno nayo yana kipimo chake. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Raba ikilika hadi ikalingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha. Kuna watu huchukua tairi kipara wakalichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto. Hilo tairi la gari dogo halikuundwa lichongwe. Ukichonga unafika kwenye nyuzi, na siku ya joto kali barabarani litapasuka. Hapo hapana tena cha kubishania.

RIMU: KUBWA AU NDOGO?

Hapa ndipo ubishi wetu wa shuleni unapopamba moto, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Siku moja kijana mmoja alikuja gereji na Subaru Impreza yake. Alikuwa amenunua rimu nne za inchi 18 pamoja na matairi yake ya 225/45R18. Akazishusha kutoka kwenye buti kwa fahari.

"Fundi, nifungie hizi. Kuna autokrosi mwisho wa mwezi, nataka kujaribu."

Mjomba alikwenda kusoma kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Kilisema 195/60R15. Akarudi, akazitazama zile rimu.

"Bwana mdogo, hizi umelinunulia gari au umewanunulia watu wa barazani?"

"Kwani haziingii, fundi? Si tundu tano kwa tano?"

"Kiatu nambari kumi nacho huingia mguu wa nambari saba. Hebu jaribu kukimbia nacho."

Kisha akaniambia nitoe kalamu nipige hesabu. Tairi lake la asili: ubavu milimita 117 mara mbili, ongeza rimu ya milimita 381, jumla milimita 615. Tairi jipya: ubavu karibu 101 mara mbili, ongeza rimu ya milimita 457, jumla karibu 660. Limezidi kwa asilimia 7. Maana yake mshale wa mwendo ukionyesha 100, gari linakwenda 107. Askari akikusimamisha, hutamwambia rimu ndizo zilizokudanganya. Isitoshe, ukikata kona tairi hukwaruza madigadi, na gari likibeba watu nyuma hukwaruza hata likienda moja kwa moja.

Kama mtu hana budi kupanda, achague mchanganyiko ambao kipenyo chake chote hakitofautiani sana na cha asili. Mafundi wengi hukubali tofauti ya asilimia 3 kwenda chini. Kwa gari lile, 215/45R17 inatoa kama milimita 625, ambayo ni tofauti isiyofika asilimia 2. Lakini kuna mambo mengine matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni duara la matundu. Rimu mbili zaweza kuwa na matundu matano kila moja na zisibadilishane. Impreza nyingi za zamani zina matundu matano kwenye duara la milimita 100, na magari mengine yana duara la milimita 114.3. Ukilazimisha, nati hukaa upande. Gari litakwenda vizuri mpaka siku gurudumu litakapolipita gari lenyewe njiani.

La pili ni mahali rimu inaposhikamana na gari, ndani zaidi au nje zaidi. Rimu nyingi huwa na herufi ET na nambari ya milimita. Nambari ikishuka sana, gurudumu hutoka nje. Macho hupenda, lakini beringi huchoka mapema na usukani huvutavuta.

La tatu ni tundu la katikati. Likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, wekeni pete ya kujazia, ama sivyo gari litatetemeka mwendoni.

Je, rimu za chuma au za aloi? Za aloi aghalabu ni nyepesi, na gurudumu jepesi huinuka na kushuka upesi likifuata njia, kwa hivyo gari hushika barabara vizuri. Lakini aloi ikipiga shimo kali hupasuka, wakati chuma hujikunja na fundi akakinyoosha kwa nyundo. Nasi tuna adui mwingine, chumvi. Anayeishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni au karibu na ufuo ajue kwamba hewa ya bahari hula kingo za rimu pale tairi linapokalia. Chuma hupata kutu, aloi huota ungaunga mweupe, na upepo ukaanza kutoka polepole. Wengi hudhani ni pancha, wakazunguka mafundi watatu, kumbe dawa ni kung'oa tairi na kusugua ukingo.

Na kwa wale wanaoamini kwamba rimu kubwa ndiyo alama ya gari la mbio, nina ushahidi mmoja. Katika mashindano ya rali ya dunia, magari yanapokimbia kwenye lami hufungwa rimu za inchi 18. Yanapokuja kwenye vumbi na mawe, kama yale ya Naivasha ambako Safari ilirejea katika ratiba ya dunia mwaka 2021, hufungwa rimu za inchi 15 zenye matairi ya ubavu mnene. Ubavu ule ndio mto wa kupokea mawe. Sasa nawauliza, barabara ya kwenda Marafa au ile ya ndani ya mashamba ya mkonge ya Vipingo inafanana na ipi kati ya hizo mbili?

TAIRI LA KAZI MBILI, NA PRESHA YAKE

Tairi la mashindano ya lami lina raba laini inayonata kama ubani. Hushika sana, lakini huisha upesi, na lile lenye mifereji michache huelea juu ya maji masika yakianza. Tairi la vumbi lina meno makubwa yaliyoachana, ambayo kwenye lami hulia na kuteleza. Tairi la kawaida la barabarani liko katikati. Kwa anayeanza, nashauri tairi jipya la kawaida, la kipimo cha asili, lenye raba nzuri. Ajifunzie nalo. Akiona kweli anaendelea na mashindano, atafute rimu nne za chuma za bei nafuu, azivike matairi ya vumbi, azipakie kwenye buti siku ya mbio na kuzifunga akifika uwanjani. Hiyo ndiyo njia ya kuwa na gari moja lenye miguu ya aina mbili.

Mwenye pesa za matairi mawili tu ayafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Najua wengi watanibishia. Lakini mbele ikiteleza, gari huenda moja kwa moja na dereva akiachia mafuta huweza kulirudisha. Nyuma ikiteleza, gari hugeuka kama pia, na dereva wa kawaida hana ujuzi wa kulikamata.

Kuhusu presha, pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa nambari zilizo kwenye kibandiko cha mlango. Joto la hewa ndani ya tairi likipanda kwa nyuzi 10, presha nayo hupanda kama pauni moja na nusu. Kwa hivyo ukipima baada ya kutoka Mtwapa hadi Malindi jua la saa nane, utapata nambari ya uongo, ukapunguza upepo, na kesho asubuhi tairi liko chini ya kiasi. Tairi lenye upepo kidogo hujikunja sana, likapata moto na kupasuka. Mchangani ni kinyume. Gari likizama kwenye mchanga wa Mambrui, usilikanyage mafuta likajichimbia kaburi. Punguza upepo hadi pauni 15 au 18, kiganja cha raba kitanuke, utoke polepole bila kukata kona kali, kisha jaza tena kabla ya kupanda lami.

BAADA YA TAIRI

Pili ni breki. Jambo linalosahauliwa hapa ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunywa unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya Pwani haina uhaba wa unyevu. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lifike nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji yaweza kuchemka kwa nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika, basi mguu unazama hadi sakafuni na gari halisimami. Kwenye mbio breki hupata moto mara kwa mara, kwa hivyo badilisha mafuta haya na utie pedi nzuri kabla hujafikiria lingine.

Tatu ni shokamzoba, zile nguzo za mafuta zinazozuia gari lisirukeruke. Likandamize gari kwa mikono kwenye pembe moja uachilie. Likipanda na kutulia, nzima. Likicheza chakacha, zimekufa. Pamoja nazo kagua bushi na boljointi, kisha peleka gari likafanyiwe alainimenti na balansi. Kukata springi kwa msumeno ili gari lishuke ni kuharibu, si kurekebisha, kwani gari hugonga chini na magurudumu huachia njia kwenye matuta.

Injini sasa. Kabla ya kuiongezea nguvu, ihakikishie uzima: mafuta safi, rejeta isiyovuja, mikanda isiyo na nyufa. Ekzosi ya kunguruma huongeza kelele nyingi na nguvu kidogo sana. Debe tupu, mnajua wenyewe, haliachi kuvuma.

HESABU YA YULE KIJANA

Nirudi kwa yule kijana, kwa maana msomaji ataniuliza alifanya nini. Mjomba alimwuliza swali moja.

"Asubuhi gari hili hubeba nani?"

"Wadogo zangu wawili, nawapeleka shule. Na mama akiwa na siku ya kliniki Kilifi."

"Basi hao ndio wenye gari. Wewe umeliazima Jumapili."

Alinyamaza kitambo. Kisha akatoka akampigia simu aliyemwuzia, wakaelewana azirudishe rimu kwa hasara kidogo. Zikabaki shilingi 80,000 mkononi. Wakakaa juu ya ndoo, wakaandika kwenye boksi la pedi: matairi manne mapya ya kipimo cha asili, 40,000. Pedi na mafuta ya breki, 12,000. Bushi, alainimenti na balansi, 10,000. Helmeti, 10,000. Akiba ya dharura, 8,000. Rimu zikabaki zile zile za zamani, zikasuguliwa kingo na kupakwa rangi.

Alikwenda kwenye mbio zake. Hakushinda, lakini alimaliza mizunguko yote, na Jumatatu asubuhi niliona gari lile likipita na watoto wawili wenye sare wamefunga mishipi kiti cha nyuma.

Niongeze kwamba mbio zina mahali pake. Autokrosi na rali huwa na waandalizi, madaktari na sheria zinazosimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya. Barabara ya Malindi kwenda Mombasa si uwanja. Hapo mwisho wa sheria kwa gari dogo ni kilomita 100 kwa saa, matatu ni 80, na mjini ni 50.

SISI TUSIO NA GARI

Pengine utasema, haya yanahusu wenye magari, sisi tunatembea kwa miguu na kupanda matatu. Rafiki yangu, ndiyo maana hasa nimeyaandika. Wengi wetu tutapanda gari kabla hatujalimiliki. Matairi ya matatu yako nje, si siri. Kabla hujapanda pale stendi, angalia: meno yamo au ni kipara? Ubavu una uvimbe kama jipu? Nati zote zipo? Itakuchukua muda mfupi kuliko wa kuulizia nauli. Fanya vivyo hivyo kwa pikipiki ya boda boda, ambayo ina viganja viwili tu vya raba, na hata kwa baiskeli ya nyumbani.

Ukiona kipara, mwambie kondakta kwa adabu, kisha ungoje gari lingine. Atakucheka, na pengine abiria nao watakucheka. Waache wacheke, wewe ngoja. Na siku nawe utakapopata gari lako, rimu za kumetameta utazikuta bado ziko dukani. Nunua matairi kwanza.